Mdogo wangu yuko Nampula, redio inasema Trump: nani anaamua dunia itazame wapi?

*Swali: Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka hapa Kibaigwa. Mdogo wangu wa mwisho yuko Nampula, Msumbiji, mwaka wa sita sasa, anauza vipuri vya pikipiki. Tangu matokeo ya uchaguzi yatangazwe mwezi Oktoba amekuwa akinitumia video kwa WhatsApp. Matairi yanawaka, watu wanakimbia, kuna mmoja amelala barabarani hainuki. Usiku mmoja wa Novemba alinitumia watu wakigonga sufuria gizani, dakika nzima, huoni chochote. Nilipoiweka kwenye grupu wakaniuliza mbona haina kitu. Zote nazisambaza, maana yeye mwenyewe anasema, "Dada tuma, dunia ione." Lakini nikiwasha redio nasikia Msumbiji nusu dakika, halafu Trump, halafu Gaza, halafu mpira. Siku nyingine hawaitaji kabisa. Sokoni wananiambia vyombo vya habari vimelipwa vinyamaze. Wengine wanasema Mwafrika akifa si habari. Nani anaamua kwamba Gaza ni habari na Msumbiji siyo? Dunia isipotazama ndipo watu wanauawa zaidi? Na hizi video ninazosambaza zinasaidia, au najichosha? Silali vizuri siku hizi, nikifumba macho namwona yule aliyelala barabarani.*

Mbukwa, dada yangu. Pole kwa kukesha, na pole kwa miezi mitatu ya kushika simu ukisubiri zile alama mbili zigeuke buluu. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu. Nilikaa miaka kumi na tisa kwenye dawati la habari za kimataifa la redio kabla sijahamia Dodoma kufundisha vijana uandishi. Mengi unayoyauliza nimeyafanya kwa mikono yangu mwenyewe, yakiwemo ninayoyajutia. Umeuliza mambo matatu, na la nne umelitaja tu mwishoni kama vile si swali. Hilo nitalifikia.

Nianze na hili la kulipwa, maana ndilo linaloaminika haraka. Kwa habari za hapa nyumbani shinikizo lipo, sitakudanganya. Lakini kwa maandamano ya nchi za mbali, miaka yote ile sikuwahi kuona bahasha wala kupigiwa simu nikiambiwa ninyamaze. Natamani ingekuwa bahasha. Bahasha ina mtu aliyeitoa, unaweza kumtafuta. Kinachotokea hasa nitakueleza kwa usiku mmoja ambao mpaka leo haujanitoka.

Alfajiri ya Ijumaa, Juni 26, 2009, nilikuwa zamu. Iran ilikuwa inawaka. Uchaguzi ulifanyika Juni 12, serikali ikatangaza kwamba Mahmoud Ahmadinejad ameshinda kwa karibu asilimia 63, na wafuasi wa Mir-Hossein Mousavi wakajaa mitaa ya Tehran wakiuliza kura zao zimekwenda wapi. Juni 20 mwanamke kijana, Neda Agha-Soltan, alipigwa risasi na kufia barabarani mbele ya kamera ya simu. Kwa siku tano dunia ilimwita kwa jina lake la kwanza kana kwamba ni binti wa jirani. Nilikuwa nimeandaa taarifa ya dakika mbili na nusu kwa matangazo ya saa moja asubuhi. Nimetafuta sauti, nimetafsiri, nimeridhika nayo. Kwenye saa saba kasoro usiku ikaingia habari kwamba Michael Jackson amefariki Los Angeles. Kufikia saa tisa ilikuwa kama hakuna kitu kingine duniani. Taarifa yetu nzima ya habari ilikuwa ya dakika kumi, na dakika kumi hazivutiki. Nilichukua kalamu nikaikata Tehran mimi mwenyewe. Zikabaki sentensi mbili, nyuma ya bei ya mafuta. Hakuna aliyenituma. Nilijua tu kwamba asubuhi ile kwenye kila daladala watu wangekuwa wanaulizana jambo moja.

Wewe ni mtu wa ghala, utanielewa. Ghala likishajaa mahindi, alizeti inayofika jioni inalala nje hata kama ni safi kuliko mahindi yote yaliyomo. Ililala nje kwa sababu ya saa iliyofika.

Sasa tazama Msumbiji ilifika saa ngapi. Watu walipiga kura Oktoba 9, 2024. Usiku wa kuamkia Oktoba 19 waliuawa kwa risasi mjini Maputo Elvino Dias, mwanasheria wa mgombea urais wa upinzani Venâncio Mondlane, na Paulo Guambe wa chama cha Podemos kilichomuunga mkono. Oktoba 24 tume ya uchaguzi ikamtangaza Daniel Chapo wa chama tawala, Frelimo, kuwa mshindi kwa takriban asilimia 71. Maandamano yakapamba moto katika siku zilezile za lala salama za kampeni za Marekani, na Novemba 5 Trump akachaguliwa. Desemba 3 rais wa Korea Kusini akatangaza sheria ya kijeshi usiku. Desemba 8 Assad akakimbia Syria. Desemba 15 kimbunga Chido, kikitoka kukivuruga kisiwa cha Mayotte, kikapiga Cabo Delgado, na hata waliokuwa wakiitazama Msumbiji ikabidi wagawanye macho. Desemba 23 Baraza la Katiba likathibitisha ushindi wa Chapo, likiushusha hadi kama asilimia 65, na siku mbaya kuliko zote zikaangukia kwenye Krismasi, wakati vyumba vya habari vya Ulaya vinabaki na watu wa zamu wachache. Plataforma Decide, kundi la kiraia la kulekule Msumbiji, kufikia katikati ya Januari 2025 lilikuwa limehesabu zaidi ya watu 300 waliouawa. Mia tatu, dada yangu, ng'ambo tu ya mto Ruvuma.

Unajua ni siku gani Msumbiji ilipanda juu kwenye taarifa za dunia? Desemba 25, wafungwa zaidi ya 1,500 walipotoroka gerezani Maputo. Kutoroka gerezani hakuhitaji maelezo. Mtu yeyote, popote, anaelewa kabla hajajua Frelimo ni nini. Kura zilizobishaniwa, mabaraza ya katiba, hesabu za vituo, hivyo vinataka dakika tatu za maelezo kabla msikilizaji hajaanza kujali, na dakika tatu hazipo.

Haya si maoni yangu tu. Wachumi wawili wa Sweden, Thomas Eisensee na David Strömberg, walichambua maafa ya asili kama 5,000 yaliyotokea kati ya 1968 na 2002, wakaangalia yapi yalionyeshwa kwenye televisheni za Marekani na yapi yalipata msaada wa serikali ya Marekani. Maafa yaliyogongana na michezo ya Olimpiki au habari nyingine kubwa yalionyeshwa kidogo, na msaada nao ukapungua. Wao walipima mafuriko na matetemeko, si maandamano. Lakini sijawahi kukaa chumba cha habari ambacho hakikufanya kazi hivyohivyo kwa maandamano.

Mfano unaoniuma zaidi ni Togo. Aprili 24, 2005, Watogo walipiga kura baada ya kifo cha Rais Gnassingbé Eyadéma, mwanawe Faure akiwania nafasi ya baba. Siku hiyohiyo Papa Benedikto wa Kumi na Sita alikuwa anasimikwa Roma. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulikuja kusema kwamba waliouawa Togo walikuwa kati ya 400 na 500. Nilikuwa kazini wiki ile. Sikumbuki kama tuliisoma Togo hata mara tatu.

Hapo ndipo naliendea lile la pili ulilolisikia sokoni, kwamba Mwafrika akifa si habari. Siwezi kukataa kwamba ubaguzi upo. Upo, na nimefanya kazi chini yake. Lakini ukiuacha hapo hautakueleza kwa nini Kenya ya 2007 na 2008 ilijaza televisheni zote na Togo haikujaza, na wote ni Waafrika. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Nairobi ilikuwa na waandishi wa mashirika makubwa waliopanga nyumba pale, wana watoto shuleni pale. Ghasia zilipoanza hawakuhitaji viza wala ndege, walitoka nje ya geti. Harare, Agosti 1, 2018, askari walipiga raia risasi siku mbili baada ya uchaguzi, watu sita wakafa, na dunia iliona siku hiyohiyo kwa sababu kamera zilikuwa zimeshafika kwa ajili ya uchaguzi wenyewe. Lomé, mji mkuu wa Togo, hakukuwa na kamera hizo.

Kisha kuna lugha. Msumbiji inazungumza Kireno. Mwandishi wa London, wa Nairobi au wa Dar es Salaam akipewa video ya Nampula, hasikii watu wanasema nini, wala hana wa kumpigia simu saa hiyo. Ureno kwenyewe haikuwa hivyo. Shirika lao la habari, Lusa, lilitoa habari za Msumbiji siku baada ya siku, na mtu wa Lisbon alikuwa anajua majina ya mitaa ya Maputo. Afrika Kusini nako ilisikika, hasa mpaka wa Ressano Garcia ulipofungwa na malori yao yakakwama. Kwa hiyo tunaposema dunia haitazami, ukweli ni kwamba dunia hii tunayoisikia sisi ndiyo haitazami. Habari ya Nampula kabla haijafika Kibaigwa hupita kwanza Paris au London kwa mashirika makubwa, AFP na Reuters, halafu inarudi kwetu ikiwa imekatwa kwa kipimo cha huko. Redio niliyofanyia kazi haikuwahi kuwa na mwandishi hata mmoja ng'ambo ya Ruvuma. Tuliwahi kulijadili, likafa kwenye bajeti. Nchi inayopakana nasi, yenye Wamakonde ng'ambo zote mbili za mto! Hilo halikufanywa na Mzungu yeyote, ni letu.

Watafiti wa Norway, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, waliliandika tangu 1965, walipochunguza jinsi magazeti ya kwao yalivyoripoti migogoro ya Kongo, Cuba na Cyprus. Tukio linapenya kirahisi likiwa la ghafla, likiwa la nchi au watu wakubwa, likiwa na sura ya mtu mmoja, likiwa karibu na msomaji kwa utamaduni. Maandamano ya miezi mitatu si ya ghafla. Wiki ya kwanza ni habari, wiki ya tano ni "maandamano yanaendelea", na mhariri akisikia neno "yanaendelea" mkono unakwenda kwenye kalamu.

Swali lako la pili ni zito, nami nalijibu kwa uangalifu. Je, macho ya dunia yanazuia risasi?

Hapana, si yenyewe. Iran ilitazamwa kuliko karibu maandamano yote ya uchaguzi ninayoyakumbuka. Watu wa nje walibadilisha picha zao mtandaoni zikawa za kijani, rangi ya wafuasi wa Mousavi. Serikali ya Marekani iliiomba kampuni ya Twitter iahirishe matengenezo ili mtandao usizimike saa za maandamano. Watu wakaimba kwamba ni mapinduzi ya Twitter, ilhali Wairani waliokuwa wakiutumia mtandao huo mle ndani walikuwa wachache, na sehemu kubwa ya kelele ilitoka nje. Serikali ya Iran ilichofanya ni kuwazuia waandishi wa kigeni wasiende barabarani, Juni 16, kisha ikasubiri. Ilijua macho huchoka. Tangu Februari 2011 Mousavi yuko kwenye kizuizi cha nyumbani, na ni wangapi leo wanauliza habari zake?

Sasa geuza upande wa pili. Ivory Coast, baada ya duru ya pili ya Novemba 28, 2010, Laurent Gbagbo alikataa kuondoka. Mauaji yaliendelea miezi minne. Lakini Februari Mubarak alianguka Misri, Libya ikalipuka, na Machi 11 tetemeko na tsunami vikaipiga Japani. Machi 3 kule Abobo, Abidjan, wanawake waliokuwa wakiandamana walimiminiwa risasi, saba wakafa, na video ipo. Wangapi hapa kwetu wanaijua? Mpaka mwisho walikuwa wamekufa watu kama 3,000. Hata hivyo kulikuwa na askari wa Umoja wa Mataifa na wa Ufaransa ndani ya nchi, na azimio la Baraza la Usalama la Machi 30, na Aprili 11 Gbagbo akakamatwa. Macho yalikuwa machache, ila mkono ulikuwepo, ingawa ulichelewa sana.

Kenya ilipata vyote viwili. Kamera zilikuwepo, na Kofi Annan alikuwepo akiwa na wazee wa Afrika nyuma yake. Rais wetu wa wakati ule, Jakaya Kikwete, alikwenda Nairobi akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Afrika, na Februari 28, 2008 mkataba ukasainiwa. Ndiyo maana napenda kuwaambia wanafunzi wangu wasiulize tu ni wangapi wanatazama. Waulize, miongoni mwa wanaotazama, nani ana mkono unaofika?

Lakini usinielewe kwamba kutazama hakuna maana. Wenye silaha wanaijua kalenda ya habari. Ruben Durante na Ekaterina Zhuravskaya walipochunguza mashambulizi ya Israel dhidi ya Wapalestina kati ya 2000 na 2011, waliona yalikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kufanyika pale habari za Marekani za siku inayofuata zilipotarajiwa kujaa jambo jingine kubwa linalojulikana kabla. Kama macho hayana uzito, kwa nini mtu ayakwepe? Na kwa nini intaneti ya simu izimwe Msumbiji usiku, tena na tena, wiki zilezile za maandamano?

Sasa video zako. Hapa nitakuwa mkali kidogo, na ni kwa sababu namfikiria mdogo wako.

Baada ya Neda kuuawa, mtu fulani aliitafuta picha yake mtandaoni, akakuta mwanamke mwingine mwenye jina linalokaribiana, mhadhiri wa chuo wa hukohuko Tehran, akaichukua picha yake. Ndani ya saa chache ilikuwa kwenye televisheni za dunia na kwenye mabango ya waandamanaji. Yule mama alikuwa hai. Alijaribu kusahihisha, hakufua dafu. Mwisho alilazimika kuikimbia nchi yake. Waliosambaza walikuwa watu wema, kila mmoja akitaka dunia ione, kama wewe. Nami ni miongoni mwao. Ile picha niliiona asubuhi moja na nikaiamini.

Video unayoipokea kwa WhatsApp imeshabanwa, na taarifa zake za ndani, tarehe na mahali, zimeondolewa. Ukiisambaza kwenye grupu la wafanyabiashara wa alizeti, inazunguka wiki mbili, inarudi kwako ikiwa na maandishi kwamba ni Kongo. Mhariri akiletewa hawezi kuitumia hata akitaka. Wakati huohuo sura za vijana waliomo zimeenda kila mahali, na sauti ya mdogo wako iliyo nyuma ya kamera imeenda nazo. Na hapa nchini Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inaadhibu kuchapisha taarifa za uongo. Ukisambaza kitu usichokuwa na uhakika nacho, unajiweka mahali ambapo utatakiwa kujieleza.

Kwa hiyo punguza kusambaza, ongeza kuhifadhi. Mwambie video ya asili asiifute kwenye simu mpaka iwe imehifadhiwa mahali pengine salama. Akikutumia, aitume kama faili, si kama video ya kawaida, hapo haibanwi. Akirekodi asikatishe, aanze na kitu kinachotambulika, bango la duka, mnara wa msikiti, kona ya barabara, na aseme tarehe na saa kwa sauti ya chini. Kama kurekodi kunamhatarisha, asirekodi. Hakuna klipu inayolingana na uhai wake. Wewe kwa upande wako chukua daftari, lile unaloandikia magunia linafaa, andika kila ujumbe ulikuja lini, saa ngapi, alisema nini kabla na baada. Halafu badala ya magrupu kumi, tafuta mkono mmoja unaofika. Wapo wanaohesabu waliouawa kwa majina, kama hao Plataforma Decide, na wapo waandishi wachache wenye majina yao wanaoifuatilia Msumbiji kila wiki. Mmoja kati yao akipata video nzima yenye tarehe na mahali, ni zaidi ya watu elfu wanaoitazama kwa sekunde nne wakiwa kwenye foleni ya mpesa.

Kenya ilitufundisha hili, tena kwa neno letu. Desemba 30, 2007 serikali ilipopiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, Wakenya kadhaa walitengeneza ramani ya mtandaoni ambayo mtu alituma ujumbe mfupi kueleza kilichotokea mtaani kwake, wakaiita Ushahidi. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilipokuja kuhesabu, ilipata waliokufa 1,133, na majina ya watuhumiwa yaliingia kwenye bahasha iliyofika mpaka mahakama ya The Hague. Kesi za vigogo baadaye zilianguka, moja baada ya nyingine, mashahidi wakijitoa. Sitaki kukuahidi haki. Nakueleza tu kwamba kamera zilikuwa zimeondoka Nairobi muda mrefu, na yaliyoandikwa bado yalikuwa yanasomwa.

Sasa lile la nne. Unamwona aliyelala barabarani ukifumba macho. Dada yangu, hilo linawapata hata waandishi ambao hawakutoka nje ya chumba cha habari, kwa kutazama video tu siku nzima. Nilikuwa na mwenzangu aliyeacha kazi kwa sababu hiyo. Acha kuzifungua usiku. Zima ile ya video kujipakua yenyewe kwenye WhatsApp. Mwombe mdogo wako akuandikie kwanza kilichomo kabla hajatuma, wewe uamue. Usiitazame ileile mara ya pili, haitakuambia kitu kipya. Ikiwa wiki mbili zimepita na bado usingizi hauji, au moyo unaenda mbio ukiwa sokoni, au huli, usikae nalo nyumbani. Nenda hospitali ya wilaya Kongwa ueleze hivyohivyo ulivyonieleza mimi, au njoo Mirembe hapa mjini. Najua watu wa Dodoma wanavyolitaja jina hilo. Mirembe wanatibu usingizi na hofu kama hospitali nyingine inavyotibu malaria, na wengi wanaingia kliniki asubuhi na kurudi kazini mchana.

Na kwa mdogo wako mwenyewe, kuna jambo ambalo haliwezi kufanywa kwa simu ya WhatsApp. Kama hajajiandikisha kwenye ubalozi wetu Maputo, ajiandikishe wiki hii kwa jina lake kamili, namba ya pasipoti na mtaa anaoishi. Siku akipotea hewani zaidi ya kawaida yake, usisubiri. Panda basi uje Wizara ya Mambo ya Nje, Mtumba, ukiwa na nakala ya pasipoti yake, picha, na lile daftari. Ofisi za Msalaba Mwekundu nazo zina utaratibu wa kutafuta ndugu waliopotezana. Mtu aliyefika mlangoni na karatasi mkononi husikilizwa tofauti na mtu wa kwenye simu. Hilo nimeliona mara nyingi.

Nimeiacha ile klipu ya sufuria mwisho kwa makusudi. Novemba Mondlane, akiwa nje ya nchi, aliwaomba watu kupitia Facebook wagonge sufuria usiku wakiwa majumbani mwao, na miji ikavuma. Kwenye grupu walikuuliza mbona haina kitu. Ina kitu, dada yangu. Haina sura ya mtu yeyote wa kukamatwa, haijakatwa, ina mtaa mzima ndani yake, na anayeisikiliza anajua ni watu wangapi bila kuhesabu. Kati ya vyote ulivyonieleza, hicho ndicho ambacho ningekiweka hewani bila kusita. Muulize mdogo wako ilikuwa tarehe gani na alikuwa amesimama wapi, uandike, na usiifute.